Kesi ni ya sikio, mshtakiwa ni pua: mrukaji wa parachuti na masikio yasiyopona

Tarehe 1 Desemba 1783 mwanafizikia Mfaransa Jacques Charles alipaa kutoka Paris kwa puto la haidrojeni, pamoja na mwenzake Nicolas-Louis Robert. Walipotua, Robert alishuka, na puto lililopungukiwa uzito likamchukua Charles peke yake hadi karibu mita 3,000 kwa kasi asiyoitarajia. Huko juu aliliona jua likizama kwa mara ya pili siku hiyohiyo. Pia alishikwa na maumivu makali ndani ya sikio la kulia, na mwenyewe akayahusisha na hewa iliyonaswa ndani ya sikio ikitanuka, pamoja na baridi ya huko juu.

Leo ndege ndogo hupandisha watu juu zaidi ya hapo na kuwaachia waporomoke. Ukunda, pwani ya kusini ya Kenya, watalii hurushwa juu ya ufuo wa Diani wakiwa wamefungwa kifuani mwa mkufunzi. Mtalii ataruka mara moja, atapiga picha, ataondoka na masikio yaliyoziba kidogo, na kufikia chakula cha jioni atakuwa amesahau. Makala haya hayamhusu sana yeye. Yanamhusu mkufunzi, mpiga picha wa angani, askari wa miavuli na yule anayeruka kila mwisho wa wiki, ambaye sikio lake limekuwa likiziba, likiuma na kuvuma kwa miezi sasa, na kila akipata nafuu anaruka tena na kurudi palepale.

Mtu huyo kwa kawaida hulishughulikia sikio: matone, pamba, mafuta ya uvuguvugu. Lakini mara nyingi sikio lake halina kosa. Lenye kosa ni pua, na uamuzi wa kuliokoa sikio huwa umeshafanywa, vizuri au vibaya, kabla hajapanda ndege.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, sikio la kati. Mlango wake ni mmoja tu: mrija mwembamba wa milimita 35 hivi unaoshuka hadi nyuma ya pua, juu ya koo. Huitwa mrija wa Eustachi, kwa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia aliyeueleza katika karne ya 16. Muda mwingi umefungwa. Hufunguka kidogo tu mtu anapomeza mate au kupiga miayo, pale msuli wa kaakaa laini unapouvuta.

Mrija huu una upendeleo. Hewa ya ndani ikizidi ya nje, hujitokea yenyewe bila kuombwa. Hewa ya nje ikizidi ya ndani, kuta laini za mrija upande wa pua hubanwa zikashikana, na hapo lazima mtu aufungue kwa makusudi. Ndiyo maana kupanda huwa hakuumi, kushuka ndiko kunakouma. Abiria wa basi anayeteremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, au kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, analijua jambo hili vizuri. Tofauti ni kwamba yeye ana muda wa kutafuna karanga na kumeza mate njia nzima.

Mrukaji muda huo hana. Usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni hektopaskali 1,013. Kwenye mita 4,000, ambako ndege nyingi huwaachia warukaji, hubaki kama 616. Anayeporomoka kifudifudi hufikia kilomita 190 hadi 200 kwa saa, na kutoka hapo hadi mita 1,500, ambako mgandamizo ni 845, hutumia sekunde 50 hivi. Yaani chini ya dakika moja kiwambo kinalemewa na hektopaskali 229 za ziada, sawa na milimita 172 za zebaki kwa kipimo kilekile cha presha ya damu. Na misuli ya mrija huanza kushindwa kuufungua tofauti ikikaribia milimita 90. Ukipiga hesabu, mrukaji ambaye hajasawazisha masikio hata mara moja tangu atoke mlangoni hufika kwenye kikomo hicho akiwa mita 2,600, nusu dakika tu baada ya kuruka. Kuanzia hapo kumeza hakufui dafu, na kusukuma hewa kwa nguvu kunaweza kudhuru zaidi ya kusaidia.

Linganisha na ndege ya abiria. Hewa ya ndani yake haiachwi ipungue kuliko ile ya mita 2,400, na wakati wa kushuka hurudishwa polepole, kwa kiasi cha mita 100 hadi 150 kwa dakika. Bado watoto hulia na watu wazima hushika masikio.

Hata hivyo namba hizo za kutisha zina upande wa pili, na hapa ndipo mambo yanapoanza kueleweka. Hektopaskali 229 ni sawa na kuzama majini mita 2.3 tu. Safari nzima ya mrukaji, kutoka mita 4,000 hadi mchangani, haizidi uzito wa mita 4 za maji. Mvuvi wa kamba au pweza huzifika mita hizo kwa pumzi moja, kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku. Kwa nini basi mrukaji aumie?

Kwa sababu mzamiaji akihisi sikio linakataa, husimama, hupanda mita moja, hujaribu tena. Likiendelea kukataa, hutoka majini. Mrukaji akishatoka mlangoni hana pa kusimama wala pa kurudi. Mikono yake inashika mwili usiyumbe, macho yako kwenye kipima urefu na kwa wenzake, na pua mara nyingi imefunikwa na kofia ngumu inayoziba uso mzima. Kwa hiyo sikio lililo tayari kufunguka litapita salama, na lisilo tayari litaumia. Hakuna ujuzi wa angani unaoweza kufidia mrija uliovimba.

Na likiumia, hiki ndicho kinachotokea. Hewa iliyobaki ndani ya sikio la kati husinyaa, kiwambo huvutwa kwa ndani, na ngozi nyororo ya chumba kile huvimba na kutoa majimaji ili kuziba pengo. Tofauti ikiwa kubwa zaidi mishipa midogo hupasuka, damu ikakusanyika nyuma ya kiwambo. Ikizidi tena, kiwambo chenyewe hutoboka; mara nyingi maumivu hupungua ghafla na majimaji au damu hutoka sikioni. Majimaji huchukua siku kadhaa hadi wiki kunyonywa na mwili. Tundu dogo kwa kawaida huziba lenyewe kati ya mwezi mmoja na mitatu, alimradi lisiingie maji wala uchafu.

Ugonjwa sugu huzaliwa ndani ya wiki hizo. Mruko wa Jumamosi asubuhi huacha uvimbe kidogo kwenye mrija. Mruko wa pili unaukuta mrija ukiwa mwembamba zaidi, wa tatu zaidi. Kwenye vituo vyenye shughuli nyingi mkufunzi anaweza kuruka mara kumi au zaidi siku wateja wanapofurika, na wengi hulipwa kwa mruko. Mwambie mtu wa namna hiyo apumzike wiki tatu katikati ya msimu, atakutazama kana kwamba humjui mwenye nyumba wake. Sidai kuwa na jibu rahisi kwa hilo. Naona tu kwamba mwenye kituo anayewalipa wakufunzi wake hata siku wanapougua mafua ananunua usalama kwa bei nafuu kuliko anavyodhani.

Sasa turudi kwa mshtakiwa. Mafua ya kawaida ndiyo maarufu, nayo yana sheria isiyo na mjadala: pua ikiwa imeziba, usiruke. Lakini mafua hupita. Anayesumbuka miezi mingi aulize kingine. Je, anapiga chafya kila asubuhi, macho yanawasha, vumbi au ukungu wa makuti humletea kamasi jepesi? Hiyo ni aleji ya pua, na inatibika. Je, ana nyama za puani, au ukuta wa katikati ya pua uliopinda baada ya kuumia utotoni? Je, kamasi zito la kijani limekuwa likishuka kooni kwa zaidi ya miezi mitatu, dalili ya sainasi zilizoambukizwa? Je, anavuta sigara? Moshi huharibu vinyweleo vidogo vinavyofagia kamasi kwenye mrija, na warukaji wanaovuta ni wengi kuliko unavyotarajia kwa watu wanaojali miili yao namna ile. Kiungulia kinachopanda hadi kooni usiku nacho kimehusishwa na kuvimba kwa mdomo wa mrija.

Kuna pia sababu za nje zenye kuudhi kwa udogo wake. Nta iliyosukumwa ndani kwa pamba za vijiti hugeuka kizibo, na hewa iliyofungiwa kati ya kizibo na kiwambo husababisha maumivu yanayofanana kabisa na ya mrija. Vizibo vya sikio vya kupunguza kelele hufanya vivyo hivyo vikibana hewa isipite. Kelele ya ndege na ya upepo kweli inaumiza usikivu, na mlio wa kudumu sikioni kwa mrukaji wa miaka mingi unaweza kutokana nayo badala ya mgandamizo, kwa hiyo kizibo ni busara. Kitafutwe kile chenye kitundu cha kupitisha hewa.

Upande wa dawa kuna vurugu, hasa kwetu ambako duka la dawa liko karibu kuliko daktari. Piriton, ambayo kila nyumba inayo, hukausha kamasi na hukuletea usingizi. Mtu mwenye usingizi hana kazi ya kufanya akiwa na parachuti mgongoni. Dawa nyingi za mafua za mchanganyiko zina chembe yake ndani, kwa hiyo soma karatasi ya kwenye pakiti. Karatasi hiyohiyo huenda ikakuonyesha fenilefrini, inayouzwa kama dawa ya kufungua pua. Mnamo Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilikubaliana kwamba ikimezwa haifanyi kazi hiyo. Sudoefedrini ni nyingine. Majaribio ya miaka ya 1990 kwa watu wazima ambao huumwa masikio kwenye ndege za abiria yalionyesha kwamba wakiimeza nusu saa kabla ya safari wengi hupata nafuu, wakati dawa ya kupuliza puani haikuonyesha tofauti ya maana na dawa tupu isiyo na kiambato, ya kulinganishia. Lakini sudoefedrini hupandisha presha na mapigo ya moyo, haimfai mwenye presha ya kupanda, na mshindani anayepimwa dawa za kuongeza nguvu ajue kwamba kiwango chake kwenye mkojo kina kikomo siku ya mashindano.

Za kupuliza zenye oksimetazolini au zailometazolini zina mtego wake. Siku mbili tatu hufungua pua vizuri. Zaidi ya siku tano hivi pua huzizoea, na kila zikiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo, mtu akaongeza nyingine. Nina hakika kuna warukaji wanaodhani wana ugonjwa wa masikio usioeleweka, na ugonjwa wao ni kichupa kilichomo mfukoni.

Dawa ya puani ya steroidi ni kitu tofauti. Haifungui pua papo hapo. Hutumika kila siku kwa wiki kadhaa na hutuliza aleji, na kwa mwenye aleji hubadilisha mambo kabisa. Asiye na aleji asitegemee makubwa. Kwa mrija uliokorofika bila sababu hiyo, majaribio hayajaonyesha faida. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni ni nafuu na salama, mradi maji yawe yamechemshwa na kupoa.

Kuhusu mbinu, watu wengi wanaijua moja tu, aliyoiandika Mwitalia Antonio Valsalva mwaka 1704: bana pua, funga mdomo, sukuma hewa. Inafanya kazi ikifanywa taratibu na mapema. Kosa ni kusubiri maumivu ndipo kusukuma kwa nguvu zote. Nguvu hiyo hupita hadi kwenye majimaji ya sikio la ndani na inaweza kupasua utando mwembamba ulioko huko. Mbinu ya Joseph Toynbee, kumeza huku pua imebanwa, ni ya upole zaidi. Ile ya Hermann Frenzel, aliyowafundisha marubani wa Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hutumia ulimi kama pampu badala ya kifua; huchukua siku kadhaa kuizoea mbele ya kioo, lakini haina hatari ya nguvu kupita kiasi. Wakati wa kuporomoka, mwenye kofia ya uso mzima hubaki na kumeza na kusogeza taya mbele, aanze mara tu anapotulia hewani. Parachuti likishafunguka na kukaguliwa, afungue kofia, abane pua na asawazishe tena na tena, kwa maana safari haijaisha: kati ya mita 1,500 na ardhi kuna hektopaskali 168 zaidi, na kadiri unavyokaribia chini ndivyo kila mita inavyozidi kuwa nzito.

Jaribio lenye thamani kuliko yote hufanyika kabla ya kupanda. Bana pua, sukuma kidogo. Masikio yote mawili yanapaswa kufunguka kwa mlio mdogo. Sikio moja likikaa kimya, jina lako litolewe kwenye orodha ya mzigo huo, yaani kundi linalopanda ndege pamoja. Ukigundua tatizo ukiwa tayari juu, unaweza kubaki ndani na kushuka na ndege, ila mwambie rubani. Ndege hizi zikishamwaga watu hurudi chini kwa haraka, zingine kwa dakika tano hivi, kwa kuwa mzigo mwingine unasubiri. Rubani asiyejua atakupa karibu mateso yaleyale uliyokuwa ukiyakimbia.

Askari wanaoruka kutoka juu sana wana adha yao ya ziada. Wakivuta oksijeni tupu, hewa iliyojaa sikio la kati huwa oksijeni, na mwili huinyonya. Mtu anatua salama, analala, anaamka na masikio yameziba bila kujua kwa nini. Kusawazisha mara kadhaa katika saa zinazofuata kwa kawaida hutosha.

Zipo dalili ambazo hazisubiri. Kizunguzungu cha kuzunguka kinachodumu, usikivu kupungua ghafla kwenye sikio moja, au mlio mpya mkubwa baada ya kusukuma hewa kwa nguvu: hizo ni dalili za sikio la ndani, na matibabu hutegemea siku za mwanzo. Nenda siku hiyohiyo. Kuna kizunguzungu kingine kifupi, kinachokuja sikio moja likifunguka na jingine likabaki limeziba, ambacho mtafiti Claes Lundgren alikieleza kwa wazamiaji mwaka 1965. Hupita kwa sekunde au dakika, lakini dakika moja ya dunia kuzunguka ukiwa mita 100 kutoka ardhini na usukani wa parachuti mkononi ni ndefu sana.

Kwa anayeziba kila mara, daktari wa masikio, pua na koo ana vipimo vinavyosema ukweli kuliko hisia: kuangalia kiwambo, kupima usikivu, na timpanometri, mashine ndogo inayopima jinsi kiwambo kinavyocheza na hivyo kuonyesha hewa iliyonyuma yake. Hospitali kubwa kama Muhimbili na Kenyatta zina idara hizo. Mwambie unaruka kwa parachuti na mara ngapi. Akiona pua tu ndiyo yenye shida, ataanza nayo. Akiona usaha wa muda mrefu au kolesteatoma, ngozi inayokua mahali isipotakiwa ndani ya sikio, hapo kuruka kunasimama hadi itibiwe.

Yakishindikana yote, kuna njia mbili za upasuaji. Ya zamani ni kuweka kijirija kidogo cha plastiki kwenye kiwambo, hewa ikapita moja kwa moja. Mgandamizo haupati tena pa kushika, bali mwenye nacho ajihadhari na maji machafu, na anayetua karibu na bahari aseme hivyo kwa mwenye boti ya uokoaji. Nyingine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, ni kuingiza puto dogo kupitia puani, kulijaza ndani ya mrija kwa dakika chache na kulitoa. Kwa baadhi ya watu hufungua mlango uliokuwa umekwama kwa miaka.

Anayeruka Diani ana kishawishi kimoja zaidi, kwani ufuo huohuo una vituo vya kuzamia. Mwongozo wa kawaida wa wazamiaji ni kukaa saa 12 baada ya mzamo mmoja, na 18 baada ya kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Saa hizo ziliwekwa kwa kufikiria ndege ya abiria yenye hewa ya mita 2,400, wakati mrukaji hupelekwa mita 4,000 mlango ukiwa wazi. Siku nzima au zaidi katikati ni lazima, na sikio lililokwisha kubanwa chini ya maji lisipelekwe juu wiki hiyo.

Kurudi baada ya kuumia kuende kwa ngazi. Kwanza daktari aone kiwambo kimepona, na mtu aweze kufungua masikio yote mawili kwa upole ardhini siku kadhaa mfululizo. Kisha safari ya ndege ya kawaida au gari la mlimani. Kisha mruko mfupi kutoka mita 1,500, parachuti likifunguliwa karibu papo hapo, ambako mgandamizo hupanda kwa dakika kama tano badala ya sekunde hamsini. Mruko mmoja siku hiyo, sio sita. Handaki la upepo, kwa aliye karibu nalo kama walioko Dubai au Abu Dhabi, linaweza kutunza ujuzi wakati sikio linapona, maana ndani yake mwili unaelea bila kupanda wala kushuka na mrija hauna kazi.